Mikono ya Habuba

Sauda mwanangu,

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka miaka yote hii: kijiko kikigonga sahani ya bati. Katika nyumba ya Babu yako hapa Kisugu watu walikula kwa mkono, kutoka sinia moja, na chakula cha mkono hakina mlio. Utasikia watu wakiongea, utasikia mtu akicheka, lakini kula kwenyewe huwezi kukusikia. Siku niliyokisikia kile kijiko nilikuwa nimesimama kwenye korido, na mlango wa chumba cha bibi yako Habuba ulikuwa umerudishwa. Alikuwa akila peke yake. Kijiko nilikuwa nimempa mimi.

Naandika saa kumi na moja jioni, jua bado liko mezani, nawe umekwenda Kansanga kuwaaga rafiki zako. Mambo ya soksi, dawa ya meno na namba za simu utaelezwa na baba yako, anayaweza kuliko mimi. Nina jambo moja tu, na nimekuwa nikilizunguka tangu Jumapili, tulipokuambia kwamba utasomea sekondari Arua na kukaa kwa Habuba. Baba yako alidhani utauliza habari za shule. Wewe uliuliza, "Nitakuwa na sahani yangu?"

Baba yako alicheka. Akasema, "Huyu ni mtoto wa mama yake kweli." Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na yale unayoyajua nusunusu. Mimi ni Mteso, binti wa polisi, nimekulia katika nyumba za polisi kule Nsambya. Baba yako ni Mnubi, mtoto wa sajenti, amekulia mistari miwili ya nyumba kutoka kwetu. Kwetu tulisali Jumapili, kwao Ijumaa. Lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili cha kambi, ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili na si kwa Kiganda unachoongea na rafiki zako. Ulizaliwa nikiwa mwaka wa pili chuoni. Babu alikuwa amestaafu na kuhamia Kisugu, na Habuba alikuchukua ukiwa na wiki sita. Akaniambia nirudi darasani, kwamba mtoto hali vitabu. Shahada yangu ya afya ya mazingira ilipatikana kwa sababu yeye alikuwa akikuogesha. Uliweke hilo kichwani unaposoma yanayofuata.

Katika nyumba ile, kabla ya kula, mtoto mdogo kuliko wote alichukua birika na beseni akazunguka, akianza na Babu. Ulianza kazi hiyo ukiwa na miaka minne, birika likikushinda, ukimwagia watu magotini. Kila aliyenawa alikupa neno la baraka. La Habuba lilikuwa moja siku zote: "Ukue, nawe uoshwe." Mara ya kwanza nilimsahihisha, kwa heshima, lakini nilimsahihisha. Nilisema, Mama, mikono hunawishwa, vyombo ndivyo vinavyooshwa. Alinitazama akasema, "Asante, mwalimu," akaendelea kusema uoshwe. Nilidhani ni Kiswahili cha kambi tu, kile ambacho ndani yake kila kitu huoshwa, hata gari na meno.

Birika moja lilinawisha watu wanane. Maji ya beseni yalikwenda kwenye makopo yaliyopandwa mboga ya dodo pale mlangoni. Vipande vya sabuni vilivyobaki vilifinyangwa pamoja vikawa sabuni mpya yenye rangi tatu. Sufuria zilisuguliwa kwa majivu. Sijui kama Habuba aliyaita hayo usafi au kubana matumizi. Nadhani hakuwa na majina mawili kwa kitu hicho kimoja. Majina nilikuja nayo mimi, kutoka chuoni.

Kisha ikaja korona. Baba yako alikuwa kazini Moroto na hakuruhusiwa kutoka. Nyumbani tulibaki wanne: Babu, Habuba, wewe na mimi. Ofisi yetu inashughulika na mifereji ya maji machafu, kwa hiyo nilikuwa na kibali cha kutembea. Ulikuwa na miaka saba. Nakumbuka nilivyorudi siku ya kwanza na maboksi, nikayapanga mezani, nikaeleza sheria. Sinia liondolewe, kila mtu ale kwenye sahani yake ya plastiki itakayotupwa. Birika lisishikwe, maana mpaji maji anasimama karibu mno na mpewa, na mpini unapita mikono yote. Nilinunua pipa lenye bomba. Nilinunua glavu za kuvaa mara moja, na chupa za sanitaiza za kuweka kila mlango.

Babu alinusa kiganja chake akacheka mpaka akakaa chini. Alisema tangu azaliwe hajaonja pombe, leo mkamwana anamlevya vidole. Kila nilipompaka alitembea akiyumba kukuchekesha, akiomba kukamatwa na polisi. Siku moja aliniuliza, bila mzaha, kama anaweza kusali na mikono inayonuka hivyo. Nilimjibu kwamba Mungu anajua kemia. Nilijiona nimesema la maana sana.

Habuba hakucheka. Alisema, "Mama Sauda, wewe unaosha mikono kama mtu ameua."

Bomba la pipa lilivunjika wiki ya tatu, na maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa. Tukawa tunachota kwa kikombe kile kile kimoja, mikono ikiingia ndani ya pipa. Sasa fikiria. Birika linatiririsha maji, na mabango yote yaliyobandikwa mjini yalisema tunawe kwa maji yanayotiririka. Niliyasoma mabango hayo kila siku. Nilikuwa na shahada. Birika lilikuwa juu ya kabati, kavu, nami nachovya kikombe kwenye pipa. Hata leo sijui ni nini kilichonifumba macho. Nadhani nilichanganya kipya na kisafi. Nadhani pia, na hili nalisema polepole, nilipenda kwamba angalau mara moja katika nyumba ile mimi ndiye niliyejua.

Mvua za kwanza zilipokuja mfereji wa nyuma ulijaa. Maji meusi yakaingia jikoni, na juu yake zilielea sahani zetu za plastiki, glavu zimevimba kama mikono ya watu, barakoa, chupa. Vyote vyetu. Mfereji ndio kazi yangu, Sauda, nalipwa kuuzuia usizibe. Habuba alipandisha gauni lake, akaokota sahani moja, akanionyesha: "Wageni wako wamerudi." Wiki hiyo uliharisha siku nne, na aliyekaa nawe usiku na mchana ni yeye, kwa sababu mimi niliogopa. Nilimwogopa mwanangu mwenyewe. Sijawahi kukuambia hilo.

Hayo ni ya kuchekesha kidogo, na kama yangeishia hapo ningekusimulia zamani. Linalofuata baba yako hakulijua mpaka leo mchana.

Mwenzetu mmoja ofisini alikuwa anaacha kazi kurudi Soroti. Baa zilikuwa zimefungwa, lakini kule Kansanga palikuwa na nyumba ambayo ukipita jikoni unatokea uani, na uani kulikuwa na malwa. Ni pombe ya wimbi, yaani ulezi, ya kwetu. Chungu kinakaa katikati, kinaongezwa maji ya moto, watu wanakizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Mtu akinyanyuka humwachia jirani mrija. Ndivyo inavyokuwa, kukataa mrija wa mwenzako ni kumwambia kwamba mdomo wake ni mchafu. Nilikuwa sijakaa na watu wa kwetu miezi mingi. Nilikuwa sijaongea Kiteso miezi mingi. Mtu alinipa mrija, nikaupangusa kwa kiganja, kama mama yangu alivyokuwa akifanya, nikanywa. Tulikuwa kumi na mmoja. Nilikaa saa tatu nzima na nilifurahi, sitakudanganya.

Nikarudi nyumbani nikanyunyiza sanitaiza mlangoni, nikauliza kwa ukali nani amegusa birika.

Kwa nini sikuona? Nimejiuliza mara nyingi mpaka swali limeisha makali. Sinia la wakwe niliona ni mila. Chungu cha kwetu sikuona ni mila, niliona ni rafiki zangu. Jibu zaidi ya hilo sina.

Siku ya nne Habuba alikuwa akikaanga vitunguu na sikusikia harufu. Nilisogea mpaka juu ya sufuria. Hakuna. Nilijua palepale. Nilipaswa kusema maneno mawili tu, kwamba ninaumwa, lakini nyuma ya maneno hayo kulikuwa na mengine: ugonjwa umeutoa wapi? Na jibu lilikuwa pombe, katika nyumba ya Waislamu walionilelea mtoto, wakati nchi nzima imefungiwa. Kwa hiyo nikasema ni mafua. Nikalala chumbani kwangu siku mbili, nikaamka mzima, nikashukuru.

Babu alianza kukohoa wiki iliyofuata.

Hospitalini muuguzi alikaa mbali nasi na karatasi yake akauliza nani nyumbani alianza kuugua. Habuba alikuwa karibu yangu. Ningeweza kusema. Nilisema, "Hatujui. Hawa wamezoea kula sinia moja, na mama huyu ndiye anayewagawia kwa mkono." Hawa, nilisema. Muuguzi akaandika. Sinia lilikuwa halijatumika miezi miwili na nusu, na Habuba alilijua hilo kama mimi. Lakini ndiye aliyekuwa akimmegea Babu ugali wa posho kwenye sahani yake ya plastiki, kwa mkono wake, kwa sababu mkono wa Babu ulikuwa umeanza kutetemeka. Nadhani hapo ndipo neno langu lilipomwingia. Aliitazama mikono yake. Niliona anaitazama.

Babu alikaa siku sita. Alizikwa na watu wenye mavazi meupe ambao hatukuona nyuso zao, akiwa kwenye mfuko, nasi tukiwa ng'ambo ya kamba. Hakuoshwa. Sheikh wa mtaa alimwambia Habuba kwamba dharura ina hukumu yake na kwamba mzee amekufa kifo chema. Habuba aliitikia yote. Jioni nilipoingia chumbani kwake alikuwa ameshika nguo aliyoiweka miaka mingi kwa kazi ya kumwosha, akaniambia, bila kunitazama, "Nilimuombea aoshwe."

Hapo ndipo nilipolielewa lile neno. Halikuwa kosa la sarufi. Kila mara alipokwambia ukue, nawe uoshwe, alikuwa anakuombea mikono ya watu kuanzia chakula hadi kaburi: uwe na watoto wa kukunawisha, na siku ya mwisho uwe na mtu wa kukuosha. Mimi nilimsahihisha. Nilimwambia vyombo ndivyo vinavyooshwa.

Sasa linalokuhusu wewe. Siku chache baada ya maziko, Habuba alikuwa anasuka mkeka na wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ulimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa ngapi, "Habuba, ni mikono yako ilimuua Babu?" Ulikuwa umenisikia nikirudia kwenye simu yale niliyomwambia muuguzi. Nilikuwa chumba cha pili. Nilisubiri akujibu, akugombeze, acheke. Aliendelea kusuka. Tangu siku ile hakukugusa tena. Ulipomkimbilia alinyanyua mikono juu, hivi, kama mtu aliyeingia kwenye maji. Akaanza kula chumbani kwake, kwenye sahani ya bati, kwa kijiko nilichompa mimi. Baada ya kumaliza eda alikwenda Arua kwa dada yake, kwa wiki mbili, alisema, na wiki mbili zile hazijaisha hadi leo.

Nilikuwa na nafasi ya kukuambia siku hiyo, na kila siku iliyofuata. Badala yake nilikutazama ukikua na majibu yangu ya uongo. Ulianza kunawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, nami nikakununulia mafuta. Ulimaliza nusu ya jerikeni kwa mikono miwili. Ulikataa kula kwa jirani. Idd iliyopita binamu yako alikupa kipande cha nyama kwa mkono, ukakipokea kwa karatasi, watu wakatazamana. Nilikutetea. Nilisema wewe ni msafi. Sijui kama ni usafi, Sauda. Mtu msafi huogopa uchafu. Wewe unaogopa watu, na nadhani nimekufundisha mimi.

Usinielewe vibaya. Sikwambii uache kunawa. Sikwambii mila zote ni dawa. Kule kazini nimeona familia ikinawa kwenye beseni moja, maji yale yale kwa watu tisa, wa mwisho akitoka mchafu kuliko alivyoingia, na hiyo nayo ni mila. Na siwezi kukuapia kwamba mimi ndiye niliyempa Babu ugonjwa. Alikuwa akitoka kwenda dukani, wazee wenzake walikuja wakakaa ukutani nje. Huenda ni wao. Huenda ni mimi. Huenda sheria zangu ziliwakinga wewe na Habuba, na huenda bila zile sheria ningekuwa naandikia mtu mwingine. Nikianza kuhesabu huenda hizi sifiki mwisho. Ninachojua kwa hakika ni kidogo sana: niliugua kwanza, nilijua, nikanyamaza, na mtu mwingine akaibeba mikono yake kama kosa.

Unaweza kuniuliza kwa nini leo. Kwa sababu ya sahani. Ulipouliza vile Jumapili niliona utakavyofika Arua, Habuba akiwa amesimama mlangoni na mikono juu, na wewe ukiwa na karatasi yako. Watu wawili mnaokaa nyumba moja bila kugusana, kila mmoja akidhani anamkinga mwenzake au anajikinga naye, na mimi Kampala nikipokea salamu kwenye simu kwamba mko salama.

Asubuhi hii, ulipokuwa bado umelala, nilimpigia. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi na sikuyasoma hata moja. Nilimweleza Kansanga, chungu, mrija, vitunguu, na muuguzi. Nilisikia redio ya jirani yake ikitoa matangazo ya vifo, na nikaogopa kwamba ameiweka simu chini akaondoka.

Kisha akasema, "Ile pombe nilijua. Blauzi yako ya njano nilifua mimi. Ilinuka wimbi. Nikasema, huyu binti ya watu amechoka, amekwenda kwa watu wake. Nikanyamaza, mzee asijue."



"Ugonjwa sikujua," akasema.

Nilimwambia samahani, Mama. Nilisema mara mbili. Hakuipokea wala hakuikataa.

"Mama Sauda, mimi nimekataa kushika mutoto miaka yote hiyo. Nilidhani ni mimi."

"Najua, Mama."

"Hapana. Hujui."

Kisha akauliza basi linaondoka saa ngapi, na kama bado unapenda maharage ya nazi au umeacha. Nilimjibu. Mwishoni akasema, "Mutoto aje. Wewe usije kwanza."

Sijui kwanza maana yake ni muda gani, na sikuthubutu kuuliza.

Baba yako nilimwambia saa saba mchana, alipotoka kunyoa. Hajanijibu bado, amekaa nje, kwenye ngazi, na utamkuta hapo ukirudi. Usimuulize kitu leo. Barua hii nitakupa mkononi ukifika, ili ukiwa na swali uniulize nikiwa mbele yako, na ukiwa na hasira unikasirikie mimi na si mtu mwingine.

Tulikuwa tumepanga kusafiri watatu. Baada ya simu ile nilikwenda kituo cha basi nikarudisha tiketi yangu. Kesho utapanda na baba yako. Karani alinitaka nihakikishe mara mbili, nikahakikisha, na kabla sijaondoka dirishani kile kiti kilikuwa kimekwisha kupata mtu.

Mama yako